UDSM, SUA, Mweka au baharini: kijana wa Tanga asomee wapi uhifadhi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu huanza kuita. Mzazi wa Muheza, mjomba wa Pongwe, au binti mwenyewe wa Chumbageni aliyemaliza PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na hataki udaktari. Swali lao ni moja: mtoto anapenda wanyama na misitu, aombe chuo gani, na akimaliza atafanya kazi gani? Mimi nafanya kazi na vijiji vinavyozunguka misitu ya Usambara Mashariki, na swali hili nimekuwa nikilijibu vipande vipande, leo hiki kesho kile. Hapa nayaweka machaguo yote mezani pamoja, na nitasema wazi ningemshauri nani aende wapi.

Wengi wanalinganisha vyuo kwa sifa: kipi kikongwe, kipi kiko mjini, kipi kina jina. Naona hapo ndipo tunapokosea njia. Anza na siku ya kazi. Uhifadhi, ukiutazama kwa karibu, una kazi za aina tatu. Kuna kulinda: doria, silaha, kulala porini, kukamata jangili. Kuna kupima: kuhesabu, kuchukua sampuli, kuchakata takwimu, kuandika ripoti. Na kuna kukaa na watu: mikutano ya kijiji, migogoro ya mipaka, kusikiliza mvuvi ambaye nyavu zake zimekatazwa. Kila chuo kinaegemea upande mmojawapo kuliko mwingine. Kijana anayejua upande wake hapati shida ya kuchagua chuo.

Kwanza tuelewane kuhusu fani yenyewe

Vijana wengi wanadhani kusomea uhifadhi ni kusomea tembo na simba. Chukua chura wa Kihansi. Ni chura mdogo wa rangi ya manjano, hazidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba kwa kiasi kikubwa, na anazaa watoto badala ya kutaga mayai. Alikutwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, akiishi katika eneo la takribani hekta mbili tu lililokuwa linaloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Dunia nzima hakuwepo mahali pengine. Bwawa la umeme la megawati 180 likajengwa, maji ya maporomoko yakapungua mno, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa Marekani kwenda kuzalishwa katika bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Korongoni pakawekwa mfumo wa mabomba ya kunyunyiza maji. Hata hivyo mwaka 2003 idadi iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ya vyura ulionekana. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi walirudishwa nchini, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Hapo ndani kuna kila kitu: ikolojia, magonjwa, ufugaji wa viumbe adimu, uhandisi wa maji, sheria, na swali gumu la nchi inayohitaji umeme. Michael Soulé, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa biolojia ya uhifadhi miaka ya 1980, aliiita fani ya dharura: unalazimika kuamua kabla hujajua yote unayotaka kujua. Kijana akisoma habari ya chura huyu na moyo ukamwenda mbio, amekwishapata fani. Akiona ni habari ya chura tu, afikirie utalii au kitu kingine, na hakuna ubaya.

UDSM na SUA: hapa ndipo penye mvutano

Majina ya kozi yanakaribiana mno. UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana shahada ya Sayansi na Uhifadhi wa Wanyamapori, chini ya idara ya Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wana shahada ya Usimamizi wa Wanyamapori, ndani ya ndaki moja na misitu na utalii. Zote ni za miaka mitatu. Mzazi akisikia anasema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

UDSM inamlea mwanasayansi. Uzito uko kwenye misingi: ikolojia, jenetiki, mageuko ya viumbe, uainishaji wa spishi, takwimu. Mwanafunzi anajifunza kuuliza swali, kupanga utafiti, na kutetea alichokipata. Maabara ziko karibu, wahadhiri ni watafiti, na mtoto mwenye kiu ya shahada ya uzamili na uzamivu anajikuta yuko kwenye reli tayari. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba mhitimu anaweza kutoka akijua sana nadharia ya idadi ya wanyama na asijue namna ya kuendesha mkutano wa kijiji chenye hasira. Hilo atajifunza kazini, na somo lake huwa gumu.

SUA inamlea msimamizi. Anasoma ikolojia pia, lakini pembeni yake kuna upimaji wa rasilimali, uchumi wa maliasili, mipango ya usimamizi, sheria, ushirikishaji wa jamii. Kikubwa zaidi ni majirani zake darasani na bwenini: wanafunzi wa misitu, wa ufugaji nyuki, wa utalii, wa kilimo. Kwa mtu wa Tanga hili lina maana kubwa, kwa sababu uhifadhi wa mkoa wetu, ukiondoa Mkomazi na Saadani, kwa sehemu kubwa ni uhifadhi wa misitu. Amani, Nilo, Magamba, zote ni hifadhi za mazingira asilia za misitu, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Na SUA yenyewe inamiliki msitu wa Mazumbai, huku huku kwetu Usambara Magharibi, ambako wanafunzi na watafiti hufanyia mafunzo.

Nikueleze kazi moja ndogo ili uone tofauti. Tukiwa Amani tunapima miti kwenye kipande kilichopimwa kwa kamba. Mmoja anashika tepe, anaizungusha kwenye shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, si wa chini. Mti ambao mizizi yake imepanda shinani unapimwa juu ya pale mizizi inapoishia. Mwingine anaandika jina la mti na kipenyo, na mara nyingi jina hilo linatoka kwa mzee wa kijiji kwa Kisambaa kabla halijatoka kwenye kitabu kwa Kilatini. Kijana wa SUA atafika pale ameshafanya zoezi hili mara nyingi, tepe haimtetemeshi. Kijana wa UDSM pengine atakuwa wa kwanza kuuliza mbona miti michanga ya spishi fulani haionekani kabisa, na kulitafutia jibu. Swali hilo si la mchezo: ule mti wa Maesopsis ulioletwa kutoka nje ya milima hii ulisambaa sana katika misitu ya Usambara Mashariki baada ya ukataji wa magogo wa miaka iliyopita, na ulianza kuonekana kwa maswali kama hayo. Ninahitaji wote wawili.

Kuna jambo jingine linaloipa SUA uzito machoni pangu. Miaka ya 2000 ushoroba wa Derema, unaounganisha vipande vya msitu jirani na Amani, ulitengwa kwa uhifadhi. Wakulima waliokuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha msitu wakatakiwa kuyaacha mashamba yao kwa kulipwa fidia. Iliki ilikuwa ada ya shule, ilikuwa bati la nyumba. Kwa viumbe, ushoroba ule una maana. Ndege na wadudu wa msituni hawavuki eneo wazi kirahisi. Kwa familia, ni zao lililokuwa likileta fedha mkononi. Mhifadhi ambaye hajasoma uchumi wa kaya na haki za ardhi atasimama mbele ya watu wale na kuwaeleza habari za vinasaba. Watamsikiliza kwa adabu, na usiku watarudi shambani.

Kwa hiyo, kwa kijana anayetaka kurudi kufanya kazi Tanga, kwenye misitu na vijiji, ninampeleka SUA, na ikiwezekana aitazame pia shahada ya Misitu ya palepale asiidharau kwa sababu haina neno "wanyama". Kwa kijana anayekesha na maswali, anayetaka siku moja kuwa mtafiti au mhadhiri, UDSM.

Mweka ni habari nyingine kabisa

Chuo cha Mweka kilianza mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kikiwa na kazi ya kuandaa Waafrika wa kuchukua usimamizi wa hifadhi nchi zilipokuwa zinapata uhuru. Kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ukienda kwenye hifadhi yoyote kubwa ya ukanda huu utamkuta mtu wa Mweka. Kinatoa astashahada, stashahada na shahada.

Sifa yake ni vitendo. Safari za mafunzo porini ni sehemu ya masomo yenyewe. Kuna kituo cha Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, kuna kupiga kambi, kufuata nyayo, kutumia silaha, kusoma ramani, kupanda mlima. Mwanafunzi anayechukia vumbi na jua hatadumu. Anayependa, hutoka akiwa mtu wa kazi.

Wazazi wa kwetu wana kasumba kwamba stashahada ni ya aliyeshindwa. Naomba waiache. Kijana aliyepata alama za kawaida kidato cha sita, au aliyeishia kidato cha nne na masomo ya sayansi yakakubali, anaweza kuanza na astashahada au stashahada ya Mweka, akafanya kazi, kisha akaendelea na shahada akiwa na uzoefu ambao mwenzake wa chuo kikuu hana. Nimefanya kazi na watu waliopita njia hiyo na ninawaheshimu sana.

Anayetaka uaskari hasa, aangalie Chuo cha Taaluma za Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, kilichoanza 1966. Mafunzo yake ni ya kijeshi kwa kiasi kikubwa na yanamlenga askari wa doria. Hiyo si njia fupi ya kufika kwenye utafiti.

Bahari, ambayo sisi wenyewe tunaisahau

Nashangaa kuona kijana aliyezaliwa Kwale au Kigombe, mtoto wa mvuvi, anajaza fomu ya wanyamapori kwa sababu ya vipindi vya televisheni vya Serengeti, na bahari iko mlangoni kwao. Tanga ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini kwetu walianza kunaswa kwenye majarife ya papa kuanzia mwaka 2003, na wavuvi ndio waliowaleta nchi kavu.

Na matatizo ya bahari yetu ni makubwa kuliko watu waliopo kuyashughulikia. Baruti iliharibu matumbawe ya Tanga kwa miongo mingi. Mikoko inakatwa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kilikuwa mahali maarufu pa kasa kutagia. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na mawimbi, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanapanda kutaga pale. Mayai yakiachwa yanazama na kuoza, kwa hiyo viota huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kazi hiyo ina utaratibu wake: mayai, ambayo kwa kasa wa kijani huzidi mia kwa kiota mara nyingi, yanatolewa moja moja bila kuyageuza, yanafukiwa upya kwa kina kilekile, juu ya mstari wa maji kujaa. Baada ya siku kama 50 hadi 60 vitoto vinatoka. Joto la mchanga ndilo linaloamua ni majike au madume. Mchanga wa moto hutoa majike. Sasa fikiria maana yake katika dunia inayozidi kuwa ya joto, na uniambie kama hapo hakuna kazi ya maisha kwa mwanasayansi kijana.

Njia za masomo ya bahari ni mbili. Ya kwanza ni FETA, Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yenye kampasi Mbegani, Bagamoyo, kwenye pwani hiihii. Hapo ni astashahada na stashahada: uvuvi, ufugaji wa viumbe maji, uchakataji wa samaki, ubaharia wa vyombo vya uvuvi. Ya pili ni shahada ya sayansi za majini na uvuvi ya UDSM, ambayo ina pia Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar kwa wanaoendelea mbele. Ukiniuliza Mbegani au UDSM, jibu langu linafuata lilelile la awali. Mbegani kwa anayetaka kuwa kwenye diko na chomboni mapema, UDSM kwa anayetaka kuelewa kwa nini tumbawe hili limekufa na lile la jirani liko hai.

Mtu wa bahari, awe wa njia ipi, lazima ajue kuzungumza na wavuvi. Mwanafunzi mmoja wa fildi nilikuwa naye Kigombe, ana dodoso lake mkononi. Alimkuta mzee anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mzee. Naomba kukuuliza machache kuhusu samaki mnaopata siku hizi."

"Utaniuliza. Kwanza nambie, wewe ni wa doria au wa chuo?"

"Wa chuo, mzee."

"Haya, kaa hapo kivulini. Weka na hilo karatasi chini, nitakueleza mwenyewe, wewe utaandika ukifika nyumbani."

Aliweka karatasi chini. Alichokipata asubuhi ile, majina ya miamba, miezi ya pweza, ni mwaka gani changu wakubwa waliacha kuonekana, hakikuwemo kwenye maswali yake hata kimoja. Sijaona chuo kinachofundisha hilo vya kutosha, iwe UDSM, iwe SUA, iwe Mweka. Kijana wa pwani analo tangu nyumbani: anajua salamu, anajua kusubiri, anajua kusi na kaskazi. Hiyo ni mtaji, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kumsukuma kuelekea bahari.

Na kazi je?

Serikalini kuna waajiri wengi kuliko watu wanavyodhani: TANAPA kwa hifadhi za taifa, TAWA kwa mapori ya akiba na maeneo mengine ya wanyamapori, Mamlaka ya Ngorongoro, TFS kwa misitu, Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, TAWIRI kwa utafiti wa wanyamapori, TAFIRI kwa uvuvi, TAFORI kwa misitu, NEMC kwa mazingira. Halmashauri nazo zina maofisa wanyamapori, misitu na uvuvi. Nafasi nyingi hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ushindani ni mkali sana. Simfichi mtu: wahitimu ni wengi kuliko nafasi.

Jambo ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba taasisi kama TANAPA, TAWA, TFS na Ngorongoro ziko katika mfumo wa jeshi usu. Hata mwenye shahada, akiajiriwa kuwa ofisa uhifadhi, hupitia mafunzo ya kijeshi, huvaa sare na cheo, na kupangiwa kituo popote. Kuna waliokwenda wakidhani wanakwenda kukaa na kompyuta. Kwa kijana mwenye nidhamu na mwili wenye afya ni maisha mazuri, mshahara wa uhakika, pensheni. Kwa asiyependa amri, atafute upande mwingine mapema.

Soma matangazo ya kazi kabla ya kuchagua kozi. Namaanisha hivyo hasa. Tangazo huorodhesha majina ya shahada zinazokubaliwa: Usimamizi wa Wanyamapori, Sayansi ya Wanyamapori, Zuolojia, Misitu na kadhalika. Kozi yenye jina jipya na zuri isiyotajwa humo inaweza kukufungia mlango huku una ujuzi uleule. Kwa hili UDSM, SUA na Mweka wote wako salama. Tahadhari ni kwa kozi mpya za vyuo vingine.

Mashirika yasiyo ya kiserikali ndiyo yaliyowaajiri wengi ninaowajua huku. TFCG, shirika la Kitanzania la kuhifadhi misitu, wamefanya kazi kwenye misitu ya Tao la Mashariki tangu 1985. WWF, WCS, Frankfurt Zoological Society na mengine yapo nchini. Sea Sense na Mwambao wako pwani. Kazi ni tamu, unaona matokeo, unajifunza haraka. Lakini mkataba unafuata mradi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliokuwa na kazi Ijumaa hawakuwa nayo Jumatatu. Na si fedha za wafadhili peke yake. Vijiji vya Amani vilikuwa vikifuga vipepeo na kuuza pupa wao, wakiwa bado kwenye vifukofuko, nje ya nchi, mradi uliokuwa ukiingiza fedha kwa kina mama na kuwapa sababu ya kuulinda msitu. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje, soko lile lilifungwa. Anayechagua upande huu ajue kuandika andiko la mradi na aweke akiba.

Utafiti ni mlango mwembamba na shahada ya kwanza pekee haitoshi. Uzamili unahitajika karibu kila mahali, iwe UDSM, SUA au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Kijana anayelenga huko ajifunze R, programu ya takwimu, na QGIS, programu ya ramani, akiwa bado mwaka wa pili. Programu zote mbili hazilipiwi, na kwa kweli ndizo zinazomtofautisha mtu kwenye usaili. Kuna pia ruzuku ndogo kwa watafiti wachanga, kama za Rufford Foundation ya Uingereza, ambazo Watanzania wamezipata.

Utalii sitausemea sana. Arusha na Moshi kuna soko. Tanga bado ni dogo, ingawa wapenda ndege huja Amani kwa ajili ya spishi ambazo hawawezi kuziona kwingine, na Lushoto ina watembea milimani. Mwongoza watalii mwenye shahada ya uhifadhi na anayejua ndege kwa sauti hulipwa vizuri kuliko wengi.

Fedha, michepuo na wasichana

PCB na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) zinafungua karibu milango yote niliyotaja. Vigezo hubadilika, kwa hiyo mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka husika ndio wa kufuata kwa shahada, na wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi) kwa astashahada na stashahada. Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa shahada wenye sifa, ila usikadirie maisha ya Dar es Salaam kwa bei ya Morogoro. Chumba na nauli za Dar zinamaliza fedha haraka. Gharama ya fildi nayo iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo: viatu, koti la mvua, tochi, nauli. Wazazi wengi hushtukizwa nayo.

Kuhusu mabinti, wazazi huniuliza kwa sauti ya chini kama porini kunamfaa. Kunamfaa. Nimeona wasichana wakipima miti siku nzima kwenye mvua ya Amani na jioni wakakaa na kina mama wa kijiji wakapata habari ambazo sisi wanaume tusingeambiwa kamwe. Kuni, dawa za mitishamba, maji, hayo yote yako mikononi mwa wanawake, na msitu hauhifadhiki bila wao kusikilizwa. La muhimu ni kuuliza chuo na mwajiri kuhusu malazi ya fildi na usalama wake, na kuuliza bila aibu.

Ningemshauri nani aende wapi

Yule binti wa Chumbageni mwenye PCB, anayependa maswali na kusoma usiku: UDSM, chaguo la kwanza wanyamapori, la pili sayansi za majini. Kijana wa Muheza au Lushoto mwenye CBG anayetaka kurudi nyumbani: SUA, na misitu iwe chaguo la pili. Mwenye alama za wastani na miguu yenye nguvu: stashahada ya Mweka bila kusita. Mtoto wa mvuvi aliyemaliza kidato cha nne: Mbegani. Anayetaka sare na bunduki: Pasiansi, mapema, kwa sababu nafasi za uaskari zina kikomo cha umri.

Kabla ya kujaza fomu, kaa wiki moja mahali pa kazi. Ofisi ya hifadhi Amani inapokea wageni, kuna waongozaji wa kijiji wanaoujua msitu vizuri. Pwani, nenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri mashua zinapoingia, angalia ni samaki wa ukubwa gani wanashushwa, uliza wamevuliwa wapi. Mwombe ofisa misitu au ofisa uvuvi wa wilaya akuruhusu uambatane naye siku anayokwenda kijijini. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima na kwa barua. Na uifanye kabla dirisha la udahili halijafungwa, kwa sababu kuhama kozi ukishaanza mwaka wa kwanza ni kazi ngumu kuliko kuichagua.